Jumapili Zisizokuwemo Kwenye Diski

Mume wangu ni mtu wa akiba. Wengine huweka akiba ya mchele, yeye huweka ya mafaili. Alipokuwa anasoma Dar es Salaam, mwizi alipita na begi lake lenye laptop, na ndani ya laptop ilikuwamo tasnifu aliyoihangaikia mwaka mzima. Hakuwa na nakala popote. Tangu siku ile aliapa kwamba hatapoteza tena hata herufi moja, na mimi nilimkuta na kiapo hicho tayari, nikaolewa nacho.

Tulipofika Sydney tulipanga nyumba Mount Druitt, moja ya zile nyumba za matofali ambazo wakati wa baridi ndani kuna baridi kuliko nje. Tulikuwa na laptop mbili. Yake ilikuwa ya kazi, maana ni mhasibu. Yangu ilikuwa ya mengine yote: picha za mtoto, vyeti vyangu vya kuhudumia wazee, mapishi niliyokusanya nisiyoyapika, na mazungumzo na mama. Akanunua diski mbili za nje, sisi tukiziita eksteno, nyeusi, kila moja ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Eksteno moja inakaa nyumbani, na kila wiki inanakili laptop zote mbili. Ya pili inakaa mbali, kwa mtu tunayemwamini, ili nyumba ikiungua au ikivunjwa, tusipoteze kila kitu. Baada ya muda zinabadilishana, ya nyumbani inakwenda mbali na ya mbali inarudi nyumbani.

Mimi nilizipa majina. Ya kwanza kununuliwa niliiita Bi Mkubwa, ya pili Bi Mdogo, kwa sababu sijapata kuona mwanamume anayegawa zamu kwa haki kama alivyogawa yeye. Nilikuwa namtania kwamba wake wa kweli asingewaweza, maana hawa tu wasiosema wanamtoa jasho. Hakuchukia. Alicheka, kisha akaenda kuhakikisha kwamba nakala imekamilika.

Mahali pa mbali palikuwa Westmead, kwa rafiki yetu Mkenya, nesi katika hospitali kubwa ya huko. Nilijuana naye kwenye treni. Nilikuwa nagombana na mtu kwenye simu kwa Kiswahili, nikidhani niko salama, na nilipomaliza mwanamke aliyekaa mbele yangu akaniambia nimeshinda. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo namwita dada, naye anamwita mume wangu shemeji. Eksteno yetu aliihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi zake za kushonea. Alikuwa anakuja kula kwetu Jumapili akiwa hana zamu ya kazi, akileta Bi mmoja na kuondoka na mwingine.

Sasa niseme kuhusu mama, kwa sababu habari yote hii ni yake.

Mama yangu aliishi Tanga na mdogo wangu wa kike. Alikuwa msemaji, na kuandika ujumbe kwenye simu kulimchosha, akasema vidole vyake havikuumbwa kwa herufi za ukubwa wa chawa. Kwa hiyo tuliongea kila Jumapili, kwetu jioni, kwao asubuhi, mimi kwenye laptop na yeye kwenye simu ya mdogo wangu. Mume wangu aliweka programu ndogo iliyorekodi maongezi. Nilimweleza mama kwamba nataka mjukuu wake, anayemwelewa kila neno lakini anamjibu kwa Kiingereza, aje kumsikia akiwa mkubwa. Mama alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Kila tukianza aliuliza kwanza, "Umeanza kuninasa?" Nikisema ndiyo, alikohoa kidogo, akakaa sawa, akaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari kwa dakika chache kabla ya kusahau na kurudi kwenye umbea wa mtaani.

Katikati ya wiki, nikirudi kazini, nilikuwa nafungulia maongezi yale huku nakunja nguo. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee St Marys, na kwa muda mrefu sauti za mama wa wengine zilinichosha masikio. Kusikia ya mama yangu mwenyewe kulinitibu.

Kisha ukaja ule mwaka wa pili wa korona, na majira ya baridi yake. Mji ulifungwa, na upande wetu wa magharibi ulifungwa kuliko pengine. Hutoki zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani ila kwa kazi au dharura, huendi kwa mtu na mtu haji kwako. Mimi nilipita kwa barua ya kazi, nikichokonolewa pua kila mara kabla ya kugusa mzee wa watu. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mapaa yetu mchana kutwa, na mtoto akajifunza kuzipungia mkono.

Zamu zikasimama. Bi Mdogo alibaki Westmead kwenye kopo lake, Bi Mkubwa akabaki kwetu. Nesi alitaka kuituma kwa posta, mume wangu akasema kitu kama kile hakitumwi kama kadi ya sikukuu. Basi kila wiki akawa anampa Bi Mkubwa kazi zote. Nilimwambia dhambi ya kutogawa zamu itamwandama. Nilisema kwa mzaha.

Huko Tanga mama akaanza kukohoa. Siku zile watu wa nyumbani hawakuutaja ugonjwa kwa jina lake, walisema changamoto ya upumuaji, na mdogo wangu hata hilo hakulisema, alisema kifua tu. Walimfukiza kwa majani, wakampa tangawizi na malimao. Nilimwona kwenye kioo Jumapili hadi Jumapili akipungua, mtandio unazidi kuwa mkubwa kichwani. Kusafiri hakukuwezekana. Kutoka nchini kulihitaji kibali, ndege zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na hakuna aliyeweza kuniambia kama nikitoka nitarudi lini kwa mtoto wangu. Ninalisha mama wa watu kwa kijiko, ninawafuta midomo, na mama yangu anakohoa kwenye kioo. Kama kuna udhaifu zaidi ya huo sijauona.

Jumapili ya mwisho nilikuwa nimekaa jikoni. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, simu imeegemezwa kwenye mto. Aliuliza, "Umeanza kuninasa?" Sauti ilikuwa ndogo lakini swali lilikuwa lile lile. Tuliongea kidogo kidogo. Halafu helikopta ikaja ikasimama juu ya mtaa wetu kabisa, vyombo vikatetemeka kabatini, na mtoto akachukua sufuria na mwiko akaanza kuipigia ngoma. Wakati ule ule mama akajisogeza karibu na simu na kusema jambo. Halikuwa fupi. Niliona midomo yake inakwenda, niliona anasimama kuvuta pumzi na kuendelea, na sikupata neno hata moja. Kisha akanyamaza akaningojea. Akauliza kitu, nikajua kwa macho yake kwamba anauliza kama nimesikia.

Nikamwambia, "Nimesikia, mama. Ndiyo."

Akauliza tena kitu kingine, nikasema, "Nitafanya, inshallah."

Sikutaka arudie. Kila neno lilimgharimu pumzi, na taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka kwenye pembe ya kioo. Sauti yake inaingia kwenye mashine moja kwa moja kutoka Tanga, haipiti kwenye helikopta wala sufuria. Nilijua nitaisikiliza kesho, safi, nikiwa peke yangu. Mama akafumba macho, mdogo wangu akachukua simu, tukaagana.

Jumatatu nilifanya zamu mbili kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wamewekwa karantini. Niliporudi nililala na viatu. Jumanne niliporudi usiku nilikuta laptop yangu mezani imefunguliwa, kioo cheusi chenye maandishi meupe, mume wangu amekaa mbele yake. Akasema imeharibika, anaisafisha, anaiwekea kila kitu upya.

Leo najua kwamba wakati ananiambia maneno hayo mama alikuwa ameshazikwa.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu. Hutafutwa mtu mzima aende alipo, akae naye, ahakikishe amekula, amjulie hali, kisha amwambie taratibu huku amemshika. Wakati mwingine hupita siku, na siku hizo jamaa wote wanajua ila mwenyewe. Hakuna anayeona kwamba ni uongo. Ni heshima, ni huruma, na mimi mwenyewe nimewahi kushiriki kuwafichia wengine, nikajiona mtu mwema. Mjomba wangu alimpigia mume wangu asubuhi ile akamwambia mama amefariki usiku, wanazika leo, na akamsihi asinieleze peke yake. Atafute mwanamke mtu mzima wa kunishika. Mtu mzima wa kike wa karibu tuliyekuwa naye ni yule nesi, na nesi alikuwa Westmead, na mji umefungwa.

Kwa hiyo ilibidi nifichwe. Kwenye kundi la familia mjomba aliamuru watu wasiandike pole. Kundi likanyamaza ghafla, nami nikadhani bando limewaishia. Nikimpigia mdogo wangu, alijibu kwa ufupi kwamba mama amelala na mtandao ni mbaya. Kilichobaki ni laptop. Watu wengi wa Tanga walizoea kunitafuta huko, kwenye mitandao nisiyokuwa nayo kwenye simu, na mume wangu aliogopa kwamba nikiifungua tu pole zitanimwagikia usoni. Ndiyo maana akaitangazia ugonjwa.

Mimi si mtu wa kudanganyika kirahisi. Anajua kwamba nikiambiwa kitu kimeharibika nitasema washa nikione. Angeweza kuificha tu, lakini akaona bora uongo wake uwe na ushahidi. Akanakili kila kitu kwenye Bi Mkubwa, akaifuta laptop yote, akaanza kuijenga upya polepole, akihesabu kwamba siku msiba utakapokuwa umesemwa atarudisha mafaili mahali pake na hakuna kitakachokuwa kimepotea. Alinipangia msiba wangu kama anavyopanga nakala zake.

Jumatano asubuhi akachomeka Bi Mkubwa ili ajaribu kurudisha. Bi Mkubwa akatoa mlio, tik, tik, tik, kama mtu anayebofya kalamu, halafu basi. Akajaribu kwenye laptop yake, ikawa vile vile. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini yake ilikuwa fupi mno. Kufikia saa nne ule uongo ulikuwa umegeuka kweli mikononi mwake.

Hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba nataka Jumapili yangu. Kila nikirudi kazini niliuliza iko wapi, akasema kesho. Nilimwambia kuna jambo mama aliniambia sikulisikia na nimeshakubali, ninalihitaji leo, na yeye akaniangalia kwa namna ambayo niliisoma vibaya. Niliona hali chakula. Nilidhani ni aibu ya mtaalamu aliyeshindwa na mashine, nikamchokoza kwamba Bi Mkubwa amesusa kwa kufanyishwa kazi peke yake. Aliinuka mezani akaenda kusimama uani.

Alhamisi nilimsikia akiongea kwa simu na nesi, ananong'ona, na nilipoingia akasema anamwomba alete Bi Mdogo. Nikamwambia hakuna haja ya kumsumbua mtu anayeshinda wodini na wagonjwa wa korona, aiweke kwenye teksi na dereva atuletee. Nilimpokonya simu nikamwambia hivyo mwenyewe.

"Hapana, my dear," nesi akasema. "Wacha nikuje mwenyewe. Saturday niko off."

Nikamwambia watampiga faini. Akasema hawatampiga, kuna ruhusa ya kwenda kwa mtu mwenye shida. Nilishangaa kwamba eksteno imekuwa shida ya kiasi hicho, na kwa kweli niliudhika. Niliona wote wawili wananikawiza.

Jumamosi alikuja asubuhi. Alisimamisha gari mbele ya nyumba akabaki ndani ya gari kitambo, mimi namtazama dirishani. Aliposhuka alikuwa amevaa barakoa, na mkononi ana mfuko wa plastiki, ndani yake Bi Mdogo. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akaniambia nami nikae, pale mwisho. Akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akamwambia mume wangu aniletee chai na mkate, na akangoja mpaka nimekunywa nusu kikombe. Mume wangu akapewa mfuko. Hakwenda nao kwenye laptop. Alisimama mlangoni ameushika.

Nadhani nilijua kuanzia ile chai. Mwili unajua kabla ya akili. Lakini niliendelea kumhimiza mume wangu aende akachomeke, mpaka nesi aliponiita.

"Dada yangu," akasema, "mama ametuacha."

Nikamuuliza, "Mama yupi?"

Nilimuuliza kwa dhati. Tuna akina mama wengi, nikawapitia wote haraka haraka, wa kwangu na wa mume wangu, mama wakubwa na mama wadogo, nikitafuta wa kumtoa badala yake. Nesi akasogea karibu. Kwa kazi yake alikuwa hajamkumbatia mtu kwa majuma mengi, aliniambia baadaye, hata wanawe aliwapungia tu kwa mbali. Alinishika na barakoa yake ikiwa imelowa, akasema walimzika Jumanne, walimzika vizuri, watu walikuwa wengi. Nikalia mpaka jirani wa pembeni akatoka kuangalia, akarudi ndani akafunga mlango taratibu.

Jumanne. Nilihesabu nikiwa bado nalia. Siku zote zile nilikuwa namwombea apone.

Nesi aliondoka kabla ya adhuhuri kwa sababu ya sheria. Nilikuwa nimekauka kwa kulia, na kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimesimama kichwani mwangu. Nilimwambia mume wangu aniwekee Jumapili.

Akachomeka Bi Mdogo. Akawaka, mtiifu, taa yake ya buluu inapepesa. Majalada yakajipanga kwenye kioo kwa tarehe, Jumapili baada ya Jumapili, mwaka jana, mwaka huu, hadi wiki moja kabla mji haujafungwa. Hapo yakakoma. Nikamwambia ateremke chini zaidi. Akasema chini hakuna kitu.

"Zile nyingine ziko kwa Bi Mkubwa," nikasema.

Hapo ndipo alipokaa sakafuni na kunieleza. Alieleza yote, kwa utaratibu, kama anavyoeleza hesabu: simu ya mjomba, kuifuta laptop, ule mlio, fundi wa St Marys aliyempokea mlangoni Ijumaa, akaifungua Bi Mkubwa, akamwonyesha kwamba imejikwaruza ndani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Alijaribu na programu za kufukua vilivyofutwa kwenye laptop, akakuta juu yake kumeshaandikwa upya. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye aliyamwaga kisha akapiga deki.

"Nilitaka usiumie peke yako," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuisikiliza hata yeye kabla ya kuifuta. Akasema maongezi yangu na mama hajawahi kuyasikiliza hata siku moja, hayakuwa yake.

Nilitaka kumpiga. Ninasema wazi, nilitaka kuchukua ile sufuria ya mtoto nimpige nayo. Mkono haukuinuka. Alikuwa ameketi pale na ndevu za siku tano, mtu ambaye mwizi alimwibia tasnifu na hajapata usingizi mzuri tangu hapo, na nilijua kwamba nikimwambia neno moja la kweli hatapona. Hasira yangu ilikuwa tayari na haikuwa na pa kwenda. Ningemkasirikia mjomba, alifanya inavyofanywa. Ningeikasirikia helikopta, ningeukasirikia ugonjwa. Mja hana hiari, mama alizoea kusema hivyo mbele ya kila kitu, hata umeme ukikatika, na mimi siku zote nilibisha.

Nilimpigia mdogo wangu. Sasa aliweza kulia nami, na tulilia. Kisha nikamuuliza kama Jumapili ile alimsikia mama alichoniambia mwishoni. Akasema alikuwa uani anaanika kanga, alirudi tulipokuwa tunaagana.

"Hakukwambia kitu?"

"Alisema tu, 'Amekubali,'" akanijibu. "Nikamuuliza nini, akaomba maji."

Nilimuuliza alisemaje, kwa sauti gani, alikuwa na furaha au uchovu. Mdogo wangu akasema alionekana ametua mzigo. Nimelipima neno hilo kwa kila namna. Huenda ni jambo dogo, nimtumie shangazi kitambaa cha baibui. Huenda ni mdogo wangu nimtazame, huenda ni mtoto nimfundishe sala, huenda ni nirudi nyumbani nikaishi. Nimeyafanya baadhi ya hayo kwa kubahatisha, na nimeyaacha mengine, na siwezi kujua ni lipi kati yake nililoahidi.

Jioni ile niliifungulia Jumapili ya mwisho iliyokuwamo. Mama akauliza kama nimeanza kumnasa, akakohoa kile kikohozi chake cha utangazaji, akaanza kumsema jirani aliyefuga bata wasio na adabu. Alikuwa mnene, mzima, anacheka mpaka simu inatikisika. Kwenye diski ile mama yangu hajaugua hata kidogo. Nilizima kabla hajamaliza. Niliyemtaka ni yule mgonjwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nyumbani walisoma hitima, na wakapanga kuniunganisha saa ile ile tuliyozoea. Laptop yangu ilikuwa tupu kama siku ilipotoka dukani, kwa hiyo tulitumia ya mume wangu, ambayo siku zote zile haikuguswa na haikupoteza kitu. Tulikaa bega kwa bega mezani. Kwenye kioo nikaona sebule yetu, mikeka, kofia na mitandio, mdogo wangu pembeni na macho yamevimba. Wakasoma. Baada ya dua mjomba akachukua simu akaisogeza usoni kwake kama wazee wafanyavyo, tukawa tunaona kipaji cha uso na jicho moja.

Aliniambia maneno ya kunifariji, kisha akataka kusema na mume wangu. Alimshukuru mbele ya watu wote. Alisema si kila mwanamume angeweza, kubeba msiba siku zote hizo ndani ya nyumba moja na mwenye msiba, asiteleze, asimwache mke wake apokee habari ile kwa simu na peke yake ugenini. Alisema wema hauozi. Watu nyuma yake wakaitikia kwamba kweli, huyo ni mume, Mungu amzidishie. Shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba mama amelala kwa raha akijua binti yake yuko mikononi mwa mtu.

Mume wangu hakuinua kichwa. Hakuwa amewaambia, na mimi sikuwa nimewaambia. Angesema yeye angewavurugia hitima, ningesema mimi ningemvua nguo mbele ya ukoo mzima, na kule hakuna ambaye angeelewa ni kitu gani kimepotea. Wangesema, lakini mazungumzo si unayo mengine.

"Mwanangu, umesikia?" mjomba akaniuliza. "Huyo umtunze. Usije ukamvunja moyo kwa ajili ya jambo lolote."

Sebule nzima ya Tanga ilinyamaza ikaningojea. Siku ile hakukuwa na helikopta, na mtoto alikuwa amelala.

"Ndiyo, mjomba," nikasema. "Nimesikia."

Safari hii nilikuwa nimesikia kila neno.